Muulize fundi bomba anapindia nini, kabla hajawasha moto

Arusha. Nyumba mpya zinaota kila wiki Moshono, Olasiti na Muriet, na kwenye viwanja vingi kuna picha inayojirudia. Fundi bomba amewasha moto wa vipande vya mbao na mifuko ya saruji nyuma ya nyumba. Anazungusha bomba la plastiki juu ya moto mpaka lilegee, kisha analikunja kwenye goti au kwenye kona ya ukuta na kulimwagia maji lipoe. Watoto wa mwenye nyumba na wa jirani wamesimama pembeni wakitazama. Moshi ukizidi wanaziba pua na kucheka.

Kazi inaisha haraka na mwenye nyumba anafurahi, maana hajanunua elbo hata moja. Gharama huja baadaye, na mara nyingi anayeilipa ni yule mdogo kuliko wote ndani ya nyumba.

Wazazi wengi wanaojenga au kukarabati huwa makini kuchagua vigae, rangi na milango. Kwenye bomba huachia fundi kila kitu, kwa sababu litafukiwa ukutani na halitaonekana tena. Hapo ndipo panapohitaji swali moja rahisi kabla kazi haijaanza: fundi, kona hizi utazipinda kwa kifaa gani?

Moshi wa plastiki na moshi wa chuma

PVC, plastiki ya mabomba mengi ya maji baridi na maji taka, ina klorini ndani yake. Huanza kulegea kwenye joto la karibu nyuzi 80 za Sentigredi, yaani kabla hata ya maji kuchemka. Moto wa mbao ni mkali mara kadhaa kuliko hapo, na hakuna fundi anayeweza kuupima kwa macho. Upande mmja wa bomba unalegea wakati upande wa pili tayari unaungua.

PVC inayoungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo hugeuka tindikali. Mtu mzima atakohoa na kusogea. Mtoto ana njia nyembamba za hewa na anapumua mara nyingi zaidi kwa dakika, hivyo moshi uleule unamuumiza zaidi, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua palepale. Mtoto aliyevuta moshi huo akaanza kupumua kwa shida, kifua kikatoa mluzi au midomo ikabadilika rangi, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kuona kama atatulia.

Bomba la chuma lililopakwa zinki, ambalo mafundi huliita GI, lina hatari yake. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo moto wa gesi ya kuchomelea hulifikia bila taabu. Moshi mweupe unaopanda hapo humletea anayeuvuta homa ya moshi wa metali. Saa chache baada ya kazi anatetemeka, anapata homa, kiu na ladha ya chuma mdomoni. Katika nchi yetu ni rahisi kudhani ni malaria. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja au mbili, lakini bomba limeshapoteza ngozi yake ya zinki pale pale kwenye kona, na kutu itaanzia hapo. Yale maji mekundu yanayotoka asubuhi kwenye nyumba za GI mara nyingi ni matokeo ya kutu ya namna hiyo.

Kona mbovu na mgao wa maji

Bomba likikunjwa kwa moto bila kuzuiwa kitu ndani, ukuta wake wa nje hunyooka na kuwa mwembamba, wa ndani hujikunja mikunjo, na tundu lenyewe hugeuka kutoka duara kuwa yai. Maji yatapita, ila kwa kubanwa. Pale palipokuwa pembamba, presha itafanya kazi yake taratibu mpaka upatikane ufa mdogo usioonekana.

Mji wa Arusha umelala kwenye mteremko wa Mlima Meru, na hilo lina maana kwa bomba. Maji yakishuka kwenye bomba bila kukatishwa na tanki njiani, kila meta 10 za kuteremka huongeza presha ya karibu bar 1. Nyumba iliyo chini ya mteremko inaweza kupokea maji yenye nguvu kuliko iliyo juu, hasa usiku ambapo watu hawatumii.

Presha ikiwepo, ufa unavujisha maji nje. Hasara hiyo ni ya bili. Hatari kwa afya huja maji yanapokatika. Siku ya mgao, bomba linapokuwa tupu, hutokea mvuto kuelekea ndani, na kilicho nje ya ufa hunyonywa: maji ya matope, maji ya choo kama shimo liko karibu, mbolea ya bustani. Maji yakirudi, hayo yote yanasafiri mpaka kwenye koki ya jikoni. Maji yaliyoondoka mtamboni yakiwa safi na yenye dawa yanaweza kumfikia mtoto yakiwa na vimelea vya kuhara au homa ya matumbo, na mama akabaki anajiuliza mtoto amekula nini.

Ndiyo maana inafaa kuyaacha maji ya mwanzo baada ya mgao yatiririke kwenye ndoo ya kufagilia au kumwagilia, na ya kunywa yachemshwe hata kama yanaonekana meupe.

Vifaa vya kupindia

Kuna vifaa vya mkono vilivyotengenezwa kwa kazi hii, na vingi havihitaji umeme wala moto. Kifaa cha bei nafuu zaidi ni springi. Ni koili ya chuma inayoingizwa ndani ya bomba, au kuvalishwa kwa nje kwa mabomba madogo, ili ukuta usibonyee wakati wa kukunja. Fundi huipitisha mpaka katikati ya kona, analiweka bomba gotini, analikunja polepole kupita kidogo pembe anayoitaka na kulirudisha. Ule mrudisho mdogo ndio unaolegeza springi itoke. Fundi mzoefu huifunga kamba kabla ya kuiingiza, maana springi iliyokwama ndani ya bomba la meta tatu humaliza siku nzima. Mafundi umeme wanaitumia sana kukunja mabomba ya nyaya. Kwa maji, inafaa kwenye bomba laini la shaba, lile wanaloliita kopa.

Cha pili ni benda ya mikono miwili. Ina nusu gurudumu lenye mfereji, ndoano ya kulishika bomba na mpini wa pili unaolizungushia bomba kwenye mfereji. Juu ya gurudumu kumechorwa nyuzi, 45, 90 na kuendelea, kwa hiyo kona haikisiwi. Mafundi friji wanaijua vizuri kwa sababu bila kona safi friji haigandishi. Mfereji huo hulishika bomba ubavuni lisitanuke, na kona inabaki duara.

Kwa GI hakuna benda ndogo ya mkononi itakayotosha. Bomba lile ni gumu na linahitaji benda ya pampu, ya haidroliki, ambayo fundi anaipampu kwa mkono na bastola yake inasukuma bomba katikati ya roli mbili. Ni nzito na ni ghali kwa fundi mmoja kuimiliki. Jambo la busara ni kuikodi kwa siku moja na kupinda kona zote kwa mkupuo, badala ya kupinda leo mbili na kesho moja.

Sasa mtego unaowapoteza hata wenye uzoefu: vipimo. Bomba la shaba hupimwa kwa upana wake wa nje, hivyo la milimita 15 lina milimita 15 kamili kwa nje. Bomba la GI la nusu inchi hutajwa kwa tundu lake, na kwa nje lina milimita 21 na kidogo. Muuzaji dukani anaweza kusema kwa nia njema kwamba nusu inchi ni sawa na 15, na kwenye ramani za nyumba huandikwa hivyo. Kwenye mfereji wa benda si sawa hata kidogo. Bomba lililolegea kwenye mfereji mpana litabonyea, na lililolazimishwa kwenye mfereji mwembamba litakwaruzika na kupasuka. Anayenunua benda aende dukani na kipande cha bomba lenyewe, akilaze kwenye mfereji. Kikikaa bila kucheza na bila kulazimishwa, hiyo ndiyo yake.

Mambo mengine huonekana kwa mkono tu. Mfereji uwe laini bila makovu, maana kovu la mfereji huchapwa kwenye kila bomba litakalopita. Mipini isitikisike kwenye ekseli. Benda ya bati jepesi inayopindika yenyewe kabla ya bomba ipo sokoni, na ukiibeba utaijua kwa uzito wake.

Si kila bomba ni la kupinda

Ni vizuri kusema wazi kwamba benda haitibu kila kona. Bomba gumu la PVC la maji halifai kupindwa nyumbani. Kona yake ni elbo na gundi yake. PPR, yale mabomba mazito yanayounganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260, nayo kona zake ni za kununua. Fundi anayekataa kupinda PVC na kuomba fedha ya elbo sita hajala njama. Amejibu swali vizuri.

Poli, bomba jeusi linalouzwa kwa roli, linakunjika kwa mkono bila kifaa, mradi lipewe nafasi. Kanuni ya kawaida ni kwamba mzingo wake usiwe chini ya mara 20 hadi 25 ya unene wa bomba. Kwa poli ya milimita 25 hiyo ni nusu meta na zaidi kutoka katikati ya mzingo. Mtaro ukichimbwa na kona kali, bomba litavunjika shingo, na kishawishi cha kuwasha moto kitarudi. Dakika kumi za jembe zinatosha kuulainisha mtaro.

Kwa shaba, kupinda kuna faida nyingine inayowahusu watoto moja kwa moja. Kila elbo ina viungio viwili, na kila kiungio cha shaba hulehemiwa. Waya wa kulehemu wa mafundi wa redio na umeme mara nyingi una madini ya risasi, na ukitumika kwenye bomba la maji ya kunywa, risasi huingia kwenye maji yanayolala humo usiku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto hudhuru ubongo unaokua, na hakuna dalili ya mapema ya kumshtua mzazi. Kona iliyopindwa kwa benda haina kiungio. Pale ambapo kiungio hakikwepeki, mzazi aulizie waya usio na risasi na aione lebo yake.

Maji moto na gesi

Juni hadi Agosti baridi ya Meru hukaza, na nyumba nyingi za Njiro, Sakina na Ilboru zina hita au sola juu ya paa. Maji ya sola siku ya jua kali yanaweza kupita nyuzi 60, na kwa joto hilo ngozi ya mtoto huungua ndani ya sekunde chache. PVC ya kawaida ya maji baridi haikutengenezwa kubeba joto hilo. Ikiwa pia ilikunjwa kwa moto na kubaki nyembamba kwenye kona ya bafuni, kuna siku itapasuka, na anaweza kuwa chini yake mtoto anayeogeshwa. Kwa maji moto litumike shaba au PPR iliyoandikwa kuwa ni ya maji moto.

Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na unga wa ngano vikae mbali. Baada ya hapo ni hospitali, hasa kama ni uso, mikono, sehemu za siri au eneo kubwa.

Gesi nayo inaingia majumbani kwa kasi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Baadhi ya familia zinaweka mtungi nje na kupitisha bomba la shaba mpaka jikoni, na ni uamuzi mzuri. Kona za bomba hilo hazina mjadala: benda yenye kipimo chake, na ikitokea mkunjo au ufa kipande hicho kinatupwa. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Maji ya mvua yasichanganywe

Kuna jambo la ukanda huu ambalo fundi kutoka mkoa mwingine anaweza asilijue. Miamba ya volkano ya Meru inayapa maji madini ya floridi, na baadhi ya chemchemi na visima vya Arumeru, kuanzia Maji ya Chai mpaka Ngarenanyuki, vina madini hayo kwa wingi. Kiwango cha Tanzania kwa miaka mingi kiliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Sasa ni 1.5, sawa na cha WHO. Kinachozidi hapo, mtoto akikinywa katika miaka ambayo meno ya utu uzima yanajijenga, hadi karibu umri wa miaka minane, huacha meno ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kikizidi sana kwa muda mrefu hugusa mifupa, na miguu ya mtoto hupinda.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki, hivyo kila lita iliyobaki ina nyingi zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Dk Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela mkoani hapa alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa kichujio chake cha Nanofilter. Familia nyingi huchukua njia ya zamani zaidi, maji ya mvua kutoka kwenye gata.

Hapo fundi anaweza kuharibu kila kitu kwa tii moja. Akiunganisha tanki la mvua na bomba la kisima ili "maji yasiishe", mtoto anakunywa mchanganyiko. Bomba la maji ya kunywa na kupikia litoke kwenye tanki la mvua au kwenye kichujio, lifike jikoni kwenye koki yake peke yake, bila kugusana na jingine. Kona za bomba hilo zipindwe au ziungwe kwa uangalifu uleule, maana mvua ya mwaka ni haba na kinachovuja hakirudi.

Kabla plasta haijapigwa

Fundi akisema ana benda, aombwe apinde kipande cha majaribio. Mzazi hahitaji ufundi kukisoma. Upande wa ndani wa kona usiwe na mikunjo, na tundu liwe duara. Gololi ya mtoto inayopita karibu karibu kwenye bomba lililonyooka idondoshwe. Ikikwama kwenye kona, tundu limebanwa.

Kama ni fundi mgeni, hakuna ubaya kumuuliza amesomea wapi. Veta inafundisha ufundi bomba, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, kwa hiyo hata mzee aliyejifunza kwa baba yake anaweza kuwa na cheti. Asiye nacho si lazima awe mbovu, ila kipande cha majaribio kitazungumza.

Mabomba yote yakiisha kufungwa, yajazwe maji na koki zifungwe usiku kucha kabla ukuta haujafunikwa. Namba ya mita ipigwe picha kwa simu jioni, na nyingine asubuhi. Siku hiyo iwe ya maji, si ya mgao, na kusiwe na tanki linalojaa. Namba zikitofautiana, fundi aitwe kabla hajalipwa fedha ya mwisho.